Ukisema "Kitendawili", subiri waseme "Tega"

Mwezi wa kumi mwaka jana nilihudhuria mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya kata mkoani Tanga. Turubai halikutosha, wazazi wengi tulikaa juani. Mgeni rasmi alisimama saa saba mchana. Akaanza na itifaki: mheshimiwa huyu, mheshimiwa yule, wajumbe wa bodi, viongozi wa dini, akarudi nyuma kumtaja aliyemsahau. Kisha akafungua karatasi, na uso wake hatukuuona tena. Maneno yenyewe yalikuwa mazuri tu. Nilisikia elimu, maadili, ajira, utandawazi. Lakini wahitimu, ambao siku ile ilikuwa yao, walikuwa wanachora mchanga kwa ncha za viatu.

Baadaye akaitwa mzazi mmoja atoe neno la shukrani. Mama wa makamo, kanga begani, karatasi hana. Alishika maiki, akawatazama wale watoto kitambo, kisha akauliza: "Nani kati yenu leo ametoka nyumbani bila kunywa chai?" Akanyamaza. Mkono mmoja ukapanda, wa pili, halafu ikawa mingi. "Na mmefika," akasema. "Miaka minne mmekuwa mnatoka hivyo hivyo, na mmefika." Walimu waliokuwa wanapiga soga nyuma ya turubai wakageuka. Alizungumza dakika nne, labda tano. Sikuona kiatu kikichora mchanga.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 11, na kipindi cha saa nane mchana, wanafunzi 60 wenye njaa mbele yako, kinakufundisha mengi kuhusu kusikilizwa. Naamini yule mama alishika watu kwa sababu aliwaachia nafasi yao ndani ya maneno yake. Aliuliza akitaka jibu kweli, akasubiri hadi likaja. Sauti yake haikuwa nzito wala hakuwa na misemo ya kupendeza.

Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani. Bibi yangu hakuanza hadithi kabla hatujamjibu. Paukwa! Pakawa. Tusipoitikia, hakuna hadithi. Kitendawili! Tega. Akishatega tunahangaika, tunabahatisha, tunabishana, na tukishindwa anadai mji. Tunampa Mombasa, anaukataa, tunampa Tabora, ndipo anatufungulia. Ule mji naufikiria sana. Jibu tulilolilipia hatukulisahau. Nenda pia msikitini wakati wa mawaidha usikie watu wanavyomswalia Mtume kila jina lake linapotajwa, au kanisani pale mhubiri anapowaambia waumini kila mmoja amgeukie jirani yake na kumwambia neno fulani. Aliyekuja kukaa kimya anajikuta naye ana kazi.

Hayati Raila Odinga, mwanasiasa wa Kenya, aliipeleka kazi hiyo kwenye mikutano ya siasa. Angesema "Kitendawili!" na uwanja mzima ungejibu "Tega!", wazee kwa vijana. Mara nyingine aligeuza siasa kuwa mpira, akatangaza kama mtangazaji wa redio: nani ana mpira, anampa nani pasi, nani anaelekea golini. Hata mtu asiyekusudia kumpigia kura alitaka kujua mpira utaishia wapi. Huko huko Kenya, kwa miaka mingi imekuwa desturi siku za sikukuu za taifa rais kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha kuweka karatasi kando na kuzungumza Kiswahili kutoka kichwani. Ukitazama picha za televisheni utaona uwanja unavyochangamka sehemu hiyo ya pili inapoanza.

Ila mfano ninaourudia kuliko yote ni wa Mwalimu Nyerere, tarehe 2 Novemba 1978, katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, alipozungumza na wazee wa jiji. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera siku chache kabla. Alichowaambia, Mtanzania anakijua hata kama hakuwa amezaliwa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo.

Ninapowasikilizisha wanafunzi rekodi ile, huwaomba watege sikio kwenye mambo mawili. La kwanza ni neno "kumpiga". Amiri jeshi mkuu angeweza kusema tutachukua hatua stahiki za kijeshi, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alichukua neno la nyumbani, neno la watoto wanaogombana uani, na bibi aliyekuwa karibu na redio kijijini akaelewa sawasawa na waziri aliyekaa ukumbini. La pili ni mpangilio. Ya kwanza unaisikia. Ya pili unaitambua. Ya tatu hajaimaliza, wewe umeshafika kwenye "tunayo" kabla yake. Neno linatoka kinywani mwake likiwa tayari ni lako. Darasani kwangu huitamka pamoja naye, vijana waliozaliwa zaidi ya miaka 30 baada ya siku ile.

Na alikuwa mwalimu wa kweli, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla siasa haijamchukua. Miaka ya 1990, akikemea ubaguzi, aliufananisha na kula nyama ya mtu: ukishaionja huachi, utaendelea kuila. Akaonyesha jinsi watu wanaojitenga kwa kusema "sisi Wazanzibari" watakavyogundua kesho yake kwamba miongoni mwao kuna Wapemba na Waunguja. Ukimsikiliza huwezi kujizuia kuendelea kuhesabu mwenyewe: na baada ya hao, atafuata nani?

Wapo wanaodhani wanafanya hivyo hivyo, kumbe wanafanya kinyume chake. Mnamjua yule wa "Hamjambo?" Watu wanajibu. "Sijawasikia! Hamjamboooo?" Wanajibu tena kwa nguvu, naye hajali kama kweli hawajambo. Au "pigeni makofi jamani". Mtu aliyetoka shambani au aliyepanda daladala mbili kuja kukusikiliza hadaiwi makofi. Hilo linaniudhi kwa dhati, maana ni kuwanyang'anya watu kitu ambacho wangekupa wenyewe kama ungekuwa na la kuwapa.

Mengine ni madogo. Jaribu maiki mapema. Itifaki ikishazingatiwa na aliyekutangulia, usiirudie. Wakikupa dakika kumi, maliza kwa nane.

Mwezi ujao nimeombwa niseme machache kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu, kuhusu chakula cha mchana. Michango imekwama, na kuna watoto wanashinda na njaa hadi kengele ya mwisho. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu, zenye wito na shukrani na nukuu. Jana usiku nimeziweka kando, nikabaki na swali moja ambalo hata mimi sina jibu lake: mwezi wa tatu na wa nne, nyumbani kukiwa hakuna unga, hawa watoto tutawalisha nini? Nitaliuliza nikiwa nimewatazama, kisha nitanyamaza mpaka mzazi mmoja aseme.