Mzoefu naye huzama

Kuna mfululizo wa picha kuhusu kifo cha Tom Thomson, mchoraji wa mandhari wa Kanada. Eti kwa kuwa Thomson alikuwa stadi wa kuendesha mtumbwi hawezi kuwa alizama tu, ndiyo maana aliyechora mfululizo huo anamweka na kivuli cha mtu nyuma yake. Hapo sikubaliani. Thomson alitoweka kwenye ziwa la Canoe Lake, Kanada, tarehe 8 Julai 1917. Mtumbwi ukakutwa umepinduka, na mwili ukaibuka siku 8 baadaye ukiwa na jeraha kwenye panja na mshipi wa kuvulia umezungushwa kwenye kifundo cha mguu. Inatia shaka, sikatai, ingawa rasmi ilisemwa ni ajali. Ila mimi nimepiga kasia miaka mingi: mgeni hukaa chini ameshika kingo kwa mikono miwili, mzoefu ndiye husimama kukojoa au kunasua ndoano. Picha iliyonishika ni ile ya mtumbwi mtupu, maji meusi, na rangi imeachia mbao ionekane pembeni, kama Thomson mwenyewe alivyoacha kwenye vibao vidogo alivyochorea. Haimtuhumu mtu. Mliouona mfululizo wote, kuna picha nyingine inayomwacha afe kwa bahati mbaya?