Kilichomnusuru Berenice

Tarehe 14 Aprili 1909, huko Lassance, mji mdogo wa jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, daktari Carlos Chagas aliitazama kwa hadubini damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekuwa na homa. Akakiona kimelea kile kile alichokuwa amekikuta kwenye utumbo wa mdudu anayenyonya watu damu usiku. Mtoto huyo aliitwa Berenice, na simulizi nyingi humwacha hapo. Mimi huvutiwa na yaliyofuata: madaktari walipompima tena zaidi ya miaka 50 baadaye, kimelea bado kilikuwamo mwilini, lakini moyo haukuonyesha dalili ya ugonjwa wa Chagas, unaoitwa kwa jina la daktari huyo.

Wengi hawakuwa na bahati hiyo. Katika kila watu 10 wenye kimelea hicho, Trypanosoma cruzi, ambacho ni ndugu wa kimelea cha malale, takriban 3 huja kuharibika moyo, aghalabu miaka 10 hadi 30 baada ya kuambukizwa. Wengine huvimba umio au utumbo mpana. Waliobaki huishi nacho mpaka kufa. Unaweza kukuta ndugu wawili wa tumbo moja, waliolala chini ya paa moja lenye wadudu wale wale, mmoja analima mpaka jioni, mwenzake hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi.

Ukiuweka chini ya hadubini msuli wa moyo wa huyu wa pili, utaona chembe nyeupe za damu, hasa zile za aina ya T, zimejipenyeza katikati ya nyuzi, na makovu yamechukua nafasi ya nyama iliyokufa. Kimelea chenyewe unaweza kukitafuta mchana kutwa usikione. Kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, ukuta huweza kukonda ukafanya kifuko, damu ikaganda humo. Bonge likichomoka likapanda ubongoni, ni kiharusi.

Picha hiyo iliwapoteza wataalamu wengi. Waliona askari wamejaa na adui haonekani, wakasema mwili unajishambulia wenyewe. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, maana kuna protini za kimelea zinazofanana na miosini, protini ya msuli wa moyo, na kinga inaweza kuzichanganya. Ubaya ni kwamba hoja hiyo iligeuka kisingizio. Kwa miongo kadhaa mgonjwa aliyefikia hatua sugu alirudishwa nyumbani bila dawa ya kuua kimelea, eti wakati wake umepita. Baadaye vipimo vya PCR, vinavyonasa hata vipande vichache vya DNA, vikakuta DNA ya kimelea ndani ya nyama ile ile iliyodhaniwa kuwa safi. Na UKIMWI ukaleta ushahidi wake mchungu: kinga ikiporomoka, kimelea kilichotulia kwa miaka huamka na kuingia ubongoni. Kumbe askari wale walikuwa kazini muda wote.

Nionavyo mimi, kasoro iko kwenye kiasi. Interferoni gama, kemikali ya kinga, ndiyo inayozipa seli amri ya kuua kimelea; bila hiyo tumekwisha. Ikimwagika miaka 20 mfululizo, huvuruga mitokondria, vyanzo vya nishati vya seli za moyo, na moyo hauna siku ya kupumzika. Interlukini 10, kemikali nyingine ya kinga, ndiyo breki. Wagonjwa wa moyo, kwa jumla, hukutwa na interferoni gama na TNF, kemikali nyingine ya kuchochea kinga, kwa wingi huku breki ikiwa dhaifu.

Kwenye jeni ndipo ninapokuwa mgumu kushawishika. Tafiti zimetaja tofauti ndogo ndogo kwenye jeni za TNF, interlukini 10, na za CCR5 na HLA ambazo nazo ni za kinga, kisha zikirudiwa kwingine matokeo yanayeyuka. Sampuli ni ndogo, na watu wa Amerika ya Kusini wana mchanganyiko wa asili ya Wenyeji, Wazungu na Waafrika. Usipoangalia, unadhani umepata jeni la ugonjwa kumbe umepima ukoo. Kilichonigusa zaidi ni kazi ya Wabrazili na Wafaransa waliolinganisha ndugu wa familia moja, wote wakiwa na kimelea. Kwa waliougua moyo walikuta mabadiliko adimu kwenye jeni za mitokondria na za uvimbe unaoletwa na kinga. Hiyo inaoana na habari ya interferoni.

Mwaka 2015 matokeo ya jaribio la BENEFIT yalitoka: wagonjwa 2,854 ambao tayari mioyo yao ilikuwa imeathirika. Benznidazole, dawa ya kuua kimelea, ilikipunguza, lakini haikuzuia moyo kuendelea kuharibika. Wapo wanaosema dawa haifai. Mimi nasoma kwamba ilikuja imechelewa, maana kovu halirudi kuwa msuli. Mtoto mchanga akitibiwa ndani ya mwaka wake wa kwanza, karibu kila mara hupona. Msichana akitibiwa kabla ya kushika mimba, hatari ya kumwambukiza mwanawe hushuka sana. Kipimo cha jeni cha kumwonyesha daktari yupi ni Berenice na yupi siye, bado hakipo. Benznidazole ipo tangu miaka ya 1970.