"Naomba kazi yoyote"

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596. Waombaji walizidi 135,000, yaani watu 84 hivi kwa kila nafasi. Ukimwambia mhitimu anayesota mtaani mwaka wa tatu kwamba achague aina moja ya kazi na kuishikilia, ana haki ya kukasirika. Milango yenyewe ni michache, kwa nini asibishe hodi kwenye yote?

Kwa ajira za serikali namuunga mkono. Kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, ukishajaza taarifa zako na kupakia vyeti, tangazo jipya halikugharimu zaidi ya barua na bando. Kuacha kada unayostahili ni kujinyima. Ila kuna usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kuandika. Mwenye shahada ya biashara aliyeomba uafisa biashara, masoko na utumishi kwa mpigo, akiitwa kote, usiku wa kuamkia mtihani atasoma kipi?

Nje ya serikali hali ni nyingine kabisa. Huko barua inasomwa na mtu, mara nyingi mwenye haraka. Nimewahi kusaidia kupitia barua za waombaji, na zilizonisikitisha zaidi ni zile zilizoandikwa "naomba kazi yoyote". Mwandishi alidhani anaonyesha unyenyekevu na utayari. Lakini hakuna ofisi yenye nafasi inayoitwa "yoyote". Ina nafasi ya mtunza stoo, ya keshia, ya dereva. Aliyeandika hivyo amemwachia mwajiri kazi ya kufikiri anafaa wapi, na mwajiri haifanyi. Anachukua bahasha inayofuata.

Hata hivyo, kulenga kazi moja kunahitaji mtu wa kukulisha. Anayelipa kodi ya chumba Mbagala na kutuma chochote nyumbani hawezi kukaa miezi minane akisubiri tangazo la taasisi moja aipendayo. Wanaotoa ushauri huu husahau jambo hilo, na wakati mwingine tunamlaumu kijana kwa kuhangaika huku na huko wakati anachotafuta ni chakula cha jioni.

Kwa maoni yangu, kosa ni kulenga mwajiri. Taasisi moja inaweza kupitisha muda mrefu bila kutangaza lolote, lakini aina ya kazi ipo kila mahali. Kijana anayetaka kazi za stoo anaweza kubeba mizigo kwa kutwa ili apate kula, mradi abebe kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Huko ataona bidhaa zinavyopokelewa na kuandikwa kwenye leja, na msimamizi atalijua jina lake. Akiandika barua, ataweza kutaja kazi anayoiomba na alichokwisha kukifanya.