Mama Aliyerudishwa na Mama Aliyekataa

Mtoto wa kijiji cha mbali asipochanjwa, wepesi wetu ni kusema wazazi wake wamekataa. Neno hilo linafunika watu wawili wasiofanana: mama aliyesema hapana, na mama aliyekwenda akarudi mikono mitupu.

Huyu wa pili hatajwi sana. Chanjo ya surua aghalabu huja katika kichupa cha dozi kumi, na ikishachanganywa hudumu saa sita tu, kisha hutupwa. Muuguzi mwenye vichupa vichache, anayejua ataulizwa kila dozi imekwenda wapi, akimwona mtoto mmoja tu humwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Muuguzi amepiga hesabu yake vizuri. Mama naye ana yake: ametembea tangu alfajiri, kazi imelala siku nzima, na watoto wengine amewaacha kwa jirani. Asiporudi, tumwite mpinzani wa chanjo?

Wanaokataa kweli nao hawakukurupuka wote. Mwaka 2003, jimbo la Kano, lenye Waislamu wengi, kaskazini mwa Nijeria, lilisimamisha matone ya polio kwa tetesi kwamba yanafunga uzazi. Tetesi zilikuwa za uongo. Lakini ni Kano hiyohiyo ambako mwaka 1996 kampuni ya dawa ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto waliougua homa ya uti wa mgongo, na malalamiko ya wazazi kwamba hawakuelezwa kuwa ni majaribio yakafika mahakamani. Pakistan nako, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia kampeni ya chanjo kumsaka Osama bin Laden. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hata hivyo, kirusi hakijali nani alidanganywa na nani. Polio ilitoka kaskazini mwa Nijeria ikaingia nchi zilizokuwa zimeshaiondoa. Surua ni kali zaidi: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana hutakiwa takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isisambae. Wapo wanaoamini umbali unawakinga, na kwa miaka kadhaa huenda ukawakinga kweli. Wakati huo watoto wasio na kinga wanazidi kuongezeka, na msafiri mmoja akiuleta ugonjwa, umbali uleule ndio unaowachelewesha kufika hospitali. Hoja hii naiona nzito kuliko zote, na sijasikia jibu lake.

Mgomo wa Kano ulikwisha mwaka 2004, baada ya kuletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Matone yalikuwa ya aina ileile. Kilichobadilika ni yalikotoka.

Kwa mama aliyerudishwa, dawa ni nyepesi zaidi. Vichupa vya dozi tano vipo, ingawa kila dozi hugharimu zaidi. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuchapisha bango jingine.