Simu zinazowaka penye ukimya
Inaniudhi sana kuona watu katika ukumbi wa sinema wakitoa simu mara tu filamu ya katuni ya Kijapani inapofika mahali pasipo na mazungumzo, kana kwamba ukimya ni nafasi ya matangazo. Katika Spirited Away, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001 iliyotunukiwa Oscar mwaka 2003, msichana Chihiro anasafiri kwa treni juu ya reli zilizofunikwa na maji, na kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Abiria ni kama vivuli, nje giza linaingia, na muziki wa Joe Hisaishi ndio unaobeba huzuni yote. Hapo ndipo jirani yangu alipowasha simu, mwanga mweupe ukanipiga usoni, akawa anajibu ujumbe huku mwenzake akiuliza kwa sauti ni lini kitatokea kitu. Kitu kilikuwa kinatokea mbele ya macho yao! Wahudumu, ambao mlangoni hukagua hata chupa za maji, wanapaswa kuingia ndani na kuwaambia watu wa aina hiyo wazime simu au watoke.