Tununue kiwanja cha watoto kabla shamba halijawa mtaa

Mwaka 2009 nilinunua kiwanja upande wa Uyole, jijini Mbeya. Aliyenionyesha mchoro aliweka kidole juu ya kipande kilichopakwa kijani akasema, "Hapa, kaka, hapajengwi. Hapa ni pa watoto." Kwa sababu ya kipande kile niliongeza laki mbili juu ya bei niliyokuwa nimeiweka moyoni. Sikuwa nimeoa bado, lakini wanangu nilishawaona wakikimbia pale.

Leo pana fremu sita za maduka, mashine ya kusaga na gereji ya bajaji. Wanangu wanachezea mpira barabarani. Bajaji ikitokea kwenye kona mmoja wao anapaza sauti, wenzake wanabeba mawe ya goli hadi ukingoni mwa mtaro, wanasubiri, wanayarudisha. Jioni moja niliwahesabia nikiwa barazani: walisimama mara kumi na saba kabla ya magharibi.

Simkatazi mtu kutafuta riziki. Mwenye mashine ya kusaga ni jirani yangu mwema, na unga tunaokula nyumbani unasagwa kwake. Ila kiwanja kile tulikilipia mtaa mzima, kila mmoja ndani ya bei ya kiwanja chake, na haikuwahi kutokea siku tukakaa tukakubaliana kiuzwe. Kiliondoka kidogo kidogo. Kwanza mtu alilima mahindi, "kwa muda tu, pasiwe pori". Msimu uliofuata likaja banda la mbao. Halafu ikamwagwa tripu ya mchanga. Nilipita asubuhi ile nikauona mchanga, nikamsalimia fundi, nikaenda kazini. Asubuhi hiyo inaniuma hadi leo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Tukilalamika tunaambiwa Jiji halina fedha za kununua maeneo ya wazi. Jibu hilo nimelitafakari sana, na nusu yake ni kweli. Ukisubiri mtaa ujengeke ndipo utafute pa kuweka kiwanja cha michezo, hakuna halmashauri ya nyanda hizi za juu kusini itakayoimudu gharama yake. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inaruhusu ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma, lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mthamini akifika hahesabu udongo peke yake. Anaweka thamani ya ardhi kwa bei ya soko, anaweka nyumba, anaweka migomba na miparachichi ya uani, kisha zinaingia posho: ya usumbufu, ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36. Nyumba inayopangishika kwa laki moja kwa mwezi, posho hiyo ya makazi peke yake ni shilingi 3,600,000. Kukiwa na duka, inaongezwa faida ya miezi 36 ambayo mwenye duka ataikosa. Malipo yakipita miezi sita, riba nayo inaanza kuhesabiwa.

Hiyo ni haki ya mwananchi, nami nisingependa ipunguzwe hata shilingi moja. Nimewaona watu waliofanyiwa tathmini wakakaa miaka bila kujenga wala kuhama, ukuta umeandikwa X nyekundu, choo kimejaa na hawathubutu kuchimba kingine. Kuchelewa kununua kunamuumiza huyo pia.

Shamba la mahindi ni jambo jingine kabisa. Halina mpangaji, halina duka, halina paa. Mwenye shamba analipwa ardhi yake na mazao yake, na ukimkuta mapema bado anazo ekari nyingine za kubaki nazo. Ndiyo maana nasema fedha kidogo za Jiji ziende pembezoni sasa hivi, Igawilo, Iganjo, Mwasanga na kote ambako bado unaona mistari ya viazi kutoka dirishani mwa daladala. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Wameongezeka zaidi ya watu 156,000 ndani ya miaka kumi, na mji wetu hauna uhuru wa kutanuka kila upande. Mlima Loleza unatuzuia kaskazini, nasi tumejipanga kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, kuanzia Uyole hadi Iyunga. Mashamba yanayoonekana leo yatakuwa mitaa kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huu hajamaliza shule ya msingi.

Wala si jambo geni nchini. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha Mradi wa Viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam. Ilikopesha fedha za kuanzia, wenye mashamba ya maeneo kama Kibada, Toangoma na Bunju wakalipwa, ardhi ikapangwa na kupimwa, viwanja vikauzwa, na mauzo yakarudisha fedha zilizotangulia. Wakulima wengi walilalamika kwamba walilipwa kidogo kuliko bei ambayo viwanja viliuzwa baadaye, na malalamiko hayo yana uzito. Sisi tukifanya, tuanze kwa kumwachia mwenye shamba viwanja vyake kadhaa vilivyopimwa pamoja na fedha. Lakini njia yenyewe inafanya kazi: fedha ile ile inazunguka, na kiwanja cha wazi kinalipiwa na viwanja vinavyokizunguka. Mimi mwenyewe ni ushahidi. Laki mbili zangu za mwaka 2009 zilikuwa bei ya kipande cha kijani.

Hapo ndipo lilipo tatizo letu, kwamba hata vile tulivyokwisha kuvilipia hatuvilindi. Kiwanja changu kina bikoni nne, zile alama za mipaka zinazowekwa na wapimaji, na nina hati. Jirani naye hivyo hivyo. Eneo la wazi lilikuwa limezungukwa na bikoni za watu wengine. Lenyewe halikuwa na hati, wala bango, wala jina. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kubadili matumizi ya ardhi iliyopangwa kwa kujiamulia tu, lakini ulinzi huo uko kwenye karatasi, na karatasi iko kwenye kabati. Mtaani hatukuwa na cha kumwonyesha yule aliyemwaga mchanga.

Wenzetu wa Nairobi walituonyesha mwaka 1989, ilipopangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya jiji hilo. Profesa Wangari Maathai alisimama kulipinga, akatukanwa hadharani, na mwishowe jengo halikujengwa. Ujasiri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wengi wetu. Lakini naamini kulikuwa na kingine kilichomsaidia: watu wa Nairobi walikijua kiwanja kile kwa jina, walikuwa wamekalia majani yake. Nani atasimama kutetea "eneo la wazi, kitalu F"? Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa waheshimiwa madiwani halihitaji kununua hata hatua moja ya ardhi. Toeni michoro kabatini. Kila mtaa uambiwe maeneo yake ya wazi ni yapi, yawekewe bikoni, yakatiwe hati kwa jina la halmashauri, na kila moja lipewe jina na wakazi wenyewe kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Ramani ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtendaji, pale tunapopanga foleni kusubiri barua za utambulisho, ili hata mwanafunzi wa darasa la nne ajue pa kucheza ni wapi.

Kuna ardhi nyingine ambayo haihitaji kununuliwa kwa sababu haipaswi kujengwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mji huu umechanwa na vijito vinavyoshuka milimani. Tungeviachia kingo zake, tukapanda miti ya asili badala ya mikaratusi inayofyonza maji, tukapitisha njia ya miguu, tungekuwa na bustani ndefu zinazounganisha mtaa na mtaa. Miteremko nayo ni vivyo hivyo. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba kule Itezi. Nilikwenda kuangalia, na nilichokikumbuka njiani wakati wa kurudi ni makochi yaliyojaa tope hadi kwenye mito yake. Ardhi ya namna ile ibaki na majani, na watoto waikimbilie wakati wa kiangazi.

Najua kukipata kiwanja ni kazi moja na kukitunza ni nyingine. Ninachokiogopa zaidi ni dawa iliyozoeleka mijini kwetu: bustani inakodishwa kwa mwekezaji ili ijiendeshe, anaweka uzio, anaweka viti vya plastiki na spika, na baada ya mwaka mmoja ni baa yenye miti. Mapato yanaingia, sikatai. Ila mtoto hawezi kuingia, na mama aliyetoka kliniki hawezi kuketi bila kuagiza soda. Ningekubali ikodishwe kona moja tu, ya choo cha kulipia na banda la chai na chapati, kwa mkataba unaosema kodi yote inabaki kiwanjani hapo hapo, kumlipa mlinzi na mfyeka majani. Mbeya ina baridi. Watu watanunua chai hata mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi. Shule zetu za msingi nazo zina viwanja vinavyokaa tupu kuanzia jioni na mwisho wa wiki wote. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa wakiandikiana makubaliano ya nani anafunga geti, mtaa umepata uwanja kwa bei ya kufuli.

Fedha za kununua pembezoni zitoke wapi? Kodi ya majengo tunailipa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kabla hata hatujawasha taa. Katika miji mingi duniani kodi ya namna hii ndiyo inayotunza bustani za mitaa, kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayefaidika nazo. Wabunge wetu wangeweza kudai sehemu yake irudi kwenye jiji ilikotoka na iwekwe kwenye mfuko wa ardhi ya umma, usioguswa kwa posho wala kwa mafuta ya magari. Ukianza na fedha za ekari mbili kwa mwaka, anza na mbili.

Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri yetu mwaka 2011, ilishika nafasi ya tatu katika Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na mji mzima ulivaa zambarau. Nilikuwa uwanjani Sokoine mara nyingi msimu ule. Vijana wa namna ile walijifunzia mpira kwenye vumbi la viwanja vya mitaa, vile ambavyo mkiwa kumi upande mmoja na kumi na wanne upande wa pili hakuna anayejali. Sijui kocha gani ataweza kumfundisha kupiga pasi ndefu mtoto aliyekulia kati ya mtaro na bajaji.

Karibu na shule ya msingi ya mtaani kwetu limebaki shamba moja, kama robo tatu ya ekari, la mama mmoja mzee. Wanawe wako mbali na mgongo haumruhusu tena kulima. Nilikwenda kumwamkia wiki iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua na wewe?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kumwomba asiuze kwanza. Nikamweleza habari za uwanja, za watoto, na za barua tunayoiandika kwa mkurugenzi kupitia kwa mtendaji na diwani. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anapukuchua maharage. Akaniuliza kama hao watoto watamkanyagia kaburi la mume wake, lililoko kwenye kona ya juu. Nikamwahidi kwamba tutalizungushia ua wa maua, na ahadi hiyo nimeiandika ndani ya barua.

Amekubali kusubiri mpaka mahindi yavunwe, mwezi wa sita. Barua imesainiwa na kaya 43 na ilipelekwa Jumatatu. Mnunuzi mwingine ameshafika kwake mara mbili, na mara ya pili alikuja na futikamba.