Eti kumcheka mkubwa si mila yetu

Juzi kwenye grupu la ukoo kuna mtu alirusha katuni: mheshimiwa tumbo mbele, nyuma yake foleni ya ndoo tupu. Haikukaa hata dakika mbili. Admin, ambaye ni baba yangu mdogo, kaifuta na kuandika kwa herufi kubwa: TUHESHIMU VIONGOZI, KEJELI SI MILA YETU. Dole gumba zikamiminika. Nikakaa kimya, maana baba mdogo ni baba. Ila hapa ni kwangu.

Si mila ya nani? Sisi ni Wazaramo. Babu alipofariki, watani zake wa jadi, Wanyamwezi, ambao kwa mila wana ruhusa ya kututania hata msibani, walivaa koti lake, wakachechemea kama yeye, wakaigiza alivyokuwa akijificha chooni wenye madeni wakibisha hodi. Maiti bado iko ndani! Wafiwa walicheka huku wakilia, na baba mdogo huyuhuyu akatoa hela ili watani waachie njia ya kwenda makaburini. Hakuna aliyepiga simu polisi. Yaani marehemu, tena baba mzazi, anatajiwa madeni yake hadharani, halafu mbunge wa awamu moja tumstahi kama yai?

Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alijirekodi akicheka. Hakutukana, alicheka tu, akitazama picha ya zamani ya Rais Magufuli ndani ya suti iliyompwaya. Akawekwa ndani siku kadhaa, na alipofikishwa mahakama ya Kisutu shtaka likawa la usajili wa laini ya simu. Laini! Kwa kuwa hakuna kifungu kinachokataza kucheka, ilibidi kitafutwe cha kufanana nacho. Hapo ndipo kejeli ilipomaliza kazi yake, na suti haikuwa tena na maana. Dola yenyewe ilipanda jukwaani ikaigiza sehemu yake, kwa gharama zake, mbele ya wote. Taarifa za haki za binadamu zinaandikwa vizuri tu, lakini kijiweni nani anazisoma? Mtu kulala mahabusu kwa kicheko, hilo hata muuza kahawa alilielewa bila mkalimani.

Sijui wana nini na usajili hawa watu. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilipigwa marufuku hapa Tanzania, na wengi wakanyooshea kidole katuni ya mchoraji Gado iliyomchora Kikwete, Rais wa wakati huo. Sababu rasmi? Gazeti halijasajiliwa. Lilikuwa likiuzwa hapa tangu miaka ya tisini.

Kenya hawakuhangaika hata na kisingizio. Mchora katuni Kibet Bull alikuwa akisambaza michoro ya kivuli ya Rais Ruto. Desemba 2024 akatoweka, na ndugu yake pia, hadi Januari walipoachiwa. Polisi wakasema hawahusiki. Mchoro usio na macho wala mdomo, na bado uliwakosesha watu usingizi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna wanaomcheka mtu kilema au maumbile wakajiita wakosoaji. Huo ni utovu wa adabu, basi. Na kicheko peke yake hakijamtoa mtu Ikulu.

Kuhusu wachekeshaji waliogeuka chawa, yaani wapambe wa wakubwa, wanaopanda majukwaa ya kampeni kuwachekesha wenye ndoo kwa niaba ya mwenye tumbo, hao nitawaandikia siku nyingine. Laini zao hazijawahi kuwa na tatizo lolote la usajili.